Zambarau Imegeuka Kijivu, Nila Imelala: Utatuzi wa Matatizo ya Rangi za Mimea za Japani ya Kale

Anayejaribu kurudisha rangi za mimea za Japani ya kale ana bahati moja kubwa: orodha ya vifaa ipo. Engishiki, kanuni za serikali zilizokamilika mwaka 927, inataja katika juzuu ya 14 mmea gani, siki kiasi gani, jivu kiasi gani na hata kuni kiasi gani kwa jora moja la hariri. Kilichokosekana ni mkono wa fundi. Hakuna mstari unaosema maji yawe moto kiasi gani, jivu liwe la mti gani, au nguo ichovywe mara ngapi. Maarifa hayo yalikaa vichwani mwa watu, na rangi za kemikali zilipoenea duniani baada ya ugunduzi wa Perkin mwaka 1856, mengi yalizikwa pamoja na wenyewe.

Waliofukua walifukua kwa kujaribu. Anayejulikana zaidi ni Yoshioka Sachio (1946–2019) wa Kyoto, kizazi cha tano katika karakana ya familia yake, aliyeacha kabisa rangi za kemikali na, pamoja na fundi Fukuda Denji, akarudi kwenye Engishiki na kwenye vitambaa vya karne ya 8 vilivyotunzwa Shosoin, ghala la hazina huko Nara.

Wanaofuata njia hiyo leo hukwama mahali palepale, na mara nyingi mmea hauna hatia. Wakosaji wakubwa ni watatu: jivu, maji na moto. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na maji, sufuria na jivu; moto utaukuta kwenye rangi zenyewe.

Kabla ya kulaumu mmea

Maji. Pika chai ya rangi mbili, moja kwa maji yako na nyingine kwa maji ya chupa, ziache zipoe, kisha zitazame juani. Ile ya maji yako ikiwa nyeusi-nyeusi kama wino, kuna chuma ndani ya maji, na chuma huua rangi zote angavu. Karakana ya Yoshioka iko Fushimi, eneo la Kyoto linalosifika kwa maji ya ardhini yenye chuma kidogo, maji yaleyale yaliyowavuta watengenezaji wa sake. Maji ya bomba lenye kutu hayafai. Ya mvua yanafaa, mradi hayakupita kwenye bati lenye kutu.

Sufuria. Sufuria nyingi za nyumbani kwetu ni za alumini, na maji ya jivu huila alumini hadi itoe povu na gesi inayowaka. Tumia chuma cha pua, enameli isiyobanduka, au ndoo ya plastiki kwa kazi zisizohitaji moto. Chombo ulichotilia rangi kisirudi kupikia chakula hata ukisugue namna gani.

Jivu. Lipime kwa karatasi ya pH, yaani kipimo cha tindikali na alkali, wala si kwa vidole. Maji ya jivu yanayoteleza mkononi yanateleza kwa sababu yanakula ngozi yako.

Dalili: zambarau imekuwa kijivu, au hudhurungi iliyokufa

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ni haki liwe hivyo, maana zambarau ya mzizi wa mmea uitwao murasaki ilikuwa rangi ya vyeo vya juu kabisa. Kwa zambarau nzito ya jora moja Engishiki inataka kin 30 za mizizi, siki sho 2, jivu koku 2 na kuni kin 360. Kin ni kipimo cha uzito; sho na koku ni vya ujazo, na koku moja ni sho 100. Maana yake jivu ni mara mia ya siki kwa ujazo. Mwenye kusoma orodha hiyo kwa makini anajua tayari wapi pa kuangalia.

Chanzo cha kwanza ni moto. Rangi ya murasaki, shikonini, haivumilii joto. Ukipita nyuzijoto 60 au 70 za sentigredi, zambarau huanza kugeuka kijivu mbele ya macho yako. Weka kipimajoto ndani ya maji muda wote na usikadirie kwa kidole. Fanya kazi kati ya 50 na 60. Nguo iliyokwisha kuungua rangi hairudi. Hakuna jivu wala siki itakayoifufua. Itumie kwa rangi nzito ya kijivu au nyeusi, uanze na kitambaa kingine.

Chanzo cha pili ni jivu lisilo na alumini. Mafundi wa Japani walichoma majani na matawi mabichi ya kamelia, tsubaki, kwa sababu mti huo hukusanya alumini mwilini mwake, na alumini ndiyo inayoshikisha rangi kwenye uzi. Jivu la mkaa wa jikoni ni kali kwa alkali, lakini alumini yake ni haba. Utaona zambarau nzuri ndani ya chombo, kisha inaondoka yote unaposuuza. Kipimo chake ni rahisi: kata vipande viwili vya hariri, kimoja ukiloweke kwenye maji ya jivu lako, cha pili kwenye maji ya shabu, kisha vyote viingie katika rangi moja. Cha shabu kikishika na cha jivu kikiachia, umempata mhalifu. Endelea na shabu bila aibu. Si njia ya Engishiki, lakini kazi inayofanya ni ileile.

Ukipata kamelia, choma hadi jivu liwe jeupe, si jeusi. Mwagia maji ya moto, koroga, acha siku mbili tatu, kisha teka maji safi ya juu tu. Vumbi la jivu likiingia kwenye nguo linaacha madoadoa.

Chanzo cha tatu ni chuma, kwa hiyo rudia kipimo cha chai. Cha nne ni mzizi wenyewe. Rangi iko kwenye gamba la nje la mzizi, hivyo anayeumenya au kuusugua kwa brashi ameitupa rangi jalalani. Mizizi iliyokaa miaka dukani hupoteza nguvu. Tena mizizi mingi inayouzwa kwenye maduka ya dawa za Kichina si murasaki ya Japani bali ni ndugu yake, Arnebia. Nayo hutoa zambarau, ila usishangae ikitofautiana na picha ulizoziona.

Halafu kuna wanaosema rangi haitoki kabisa kwenye mzizi. Shikonini haiyeyuki kirahisi ndani ya maji matupu. Twanga mizizi, itie kwenye mfuko wa kitambaa, weka siki kidogo kwenye maji ya moto wa kiasi, na ukande mfuko kwa mikono, tena kwa muda mrefu. Kisha nguo inapokezana: rangi, suuza, jivu, suuza, rangi tena. Ukimalizia upande wa siki zambarau inaelekea wekundu. Ukimalizia upande wa jivu inaelekea bluu. Zote mbili zina wapenzi wao wa zamani: ya bluu ilipewa jina la Edo, ya wekundu jina la Kyoto.

Simama hapa: kama uko Japani na umeuona mmea huu porini, usiung'oe. Murasaki ya porini iko hatarini kutoweka. Nunua kwa mkulima anayeipanda.

Dalili: nyekundu ya benibana imetoka rangi ya chungwa, au pinki iliyochoka

Benibana ni ua lenye miiba, la jamii moja na alizeti, na Yamagata kaskazini ya Japani ndiko kunakosifika kulilima. Huvunwa Julai alfajiri, umande ukiwa bado umelainisha miiba. Ndani ya ua hilo njano ni nyingi na nyekundu ni kidogo mno, na karibu kila tatizo linaanzia hapo.

Angalia kwanza kama njano iliondoka. Njano huyeyuka katika maji baridi, nyekundu haiyeyuki. Loweka maua usiku kucha, kamua, mwaga, tia maji mapya, rudia mpaka maji yatoke karibu meupe. Wengi huacha mapema kwa kuhofia kwamba wanamwaga rangi. Kweli wanaimwaga, lakini ni ile wasiyoihitaji.

Kama njano iliondoka na bado rangi ni mbaya, tazama jivu. Nyekundu, karthamini, hutolewa kwa maji yenye alkali, lakini alkali hiyohiyo huivunja ikikaa nayo muda mrefu au ikiwa ya moto. Ndiyo maana orodha ya Engishiki ya nyekundu nzito, karakurenai, haitaji tu "jivu" kama rangi nyingine bali mafungu 3 ya mabua ya mpunga. Jivu la mabua ni pole. Tafuta pH kati ya 10 na 11, fanya kazi kwenye baridi, kamua maua, usilaze mchanganyiko mpaka kesho. Anayetumia kostiki soda hapa anaharibu maua ya bei ghali ndani ya dakika chache, na anaweza kuharibu na macho yake.

Kisha tazama tindikali. Orodha hiyohiyo inataka siki to 1, yaani sho 10, mara tano ya siki ya zambarau nzito. Bila tindikali ya kutosha nyekundu haitoki majini kuingia kwenye uzi. Mafundi walitumia pia ubai, matunda ya ume, plamu ya Japani, yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo hadi leo hutengenezwa Tsukigase huko Nara. Tia kidogokidogo. Maji yatatoa povu, na rangi yake ya hudhurungi iliyofifia itafunguka iwe nyekundu safi. Mabadiliko hayo yanaonekana waziwazi, na ukishayaona mara moja hutayakosa tena. pH ikikaribia 6, ingiza nguo mara moja.

Ikiwa umefanya yote hayo na hariri bado ina uchungwa, tumia ujanja wa zamani wa kupitia pamba. Hariri hupokea njano na nyekundu pamoja. Pamba na katani, ndani ya maji yenye tindikali, hushika nyekundu na kuiacha njano. Kwa hiyo tia rangi kwanza kitambaa cha pamba, kisuuze vizuri, kirudishe kwenye maji kidogo ya jivu ili kiachie nyekundu yake, tia tindikali tena, kisha ndipo uingize hariri. Ni kazi mara mbili, lakini hakuna njia nyingine ninayoiamini zaidi kwa nyekundu isiyo na doa la njano.

Pinki hafifu maana yake maua hayatoshi au nguo imechovywa mara chache. Rudia kwa maua mapya; usiongeze joto. Karakana ya Yoshioka hutia rangi ya benibana wakati wa baridi kali, ikiwemo ile ya karatasi za maua ya kamelia yanayopambwa kwenye ibada ya Omizutori ya hekalu la Todaiji kila Machi. Aliyeko Tanga au Mombasa afanye kazi alfajiri na aweke barafu kuzunguka chombo.

Dalili: pipa la nila limelala, linanuka, au nguo inachuja

Nila ya Japani hutoka kwenye mmea mwingine, tade, na makao yake makuu ni Tokushima. Majani makavu hurundikwa, hunyunyiziwa maji na kugeuzwa kwa takriban siku 100 mpaka yawe kama mboji, sukumo. Hiyo huingia kwenye pipa pamoja na maji ya jivu, chokaa, pumba za ngano na sake, na bakteria wanaopenda alkali ndio wanaofanya kazi. Umeshika kitu chenye uhai, basi kitazame hivyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kilimo cha nila kilipigwa marufuku ili ardhi ilishe watu, na mbegu ziliokolewa na wakulima wachache walioendelea kuzipanda kwa kificho.

Halina povu. Kwanza pima joto: chini ya nyuzi 20 bakteria wanalala. Lifunike pipa kwa blanketi au lihamishe, ulenge kati ya 20 na 30. Pili pima pH. Ikipita 11 kwa mbali, uliweka jivu au chokaa kupita kiasi. Tia pumba kidogo zilizochemshwa na kupoa, kisha subiri. Tatu ni haraka yako. Pipa jipya huweza kuchukua wiki moja na zaidi. Likiamka utaona utando wenye mng'ao wa shaba juu, maji ya chini yana ukijani wa njano, na povu la bluu linakusanyika katikati. Hapo chovya kipande cha pamba: kitoke kijani, kigeuke bluu hewani. Wachovyaji batiki wanaotumia haidrosulfaiti, kemikali ya kuyeyushia nila, wanaijua vizuri ishara hiyo. Lakini usimimine haidrosulfaiti kwenye pipa hai ili kuliamsha. Utapata bluu ya leo, na utakuwa umeacha njia uliyokuja kuitafuta.

Linanuka uozo. Pipa lenye afya lina harufu kali, lakini si ya kitu kilichooza. Uvundo unamaanisha pH imeshuka chini ya 10, kwa kawaida kwa sababu ya pumba nyingi au chokaa iliyosahaulika. Acha kutia nguo, ongeza chokaa kijiko kwa kijiko, koroga mara moja kwa siku taratibu, upime kila siku. Kama baada ya wiki uvundo umezidi na utando haurudi, pipa limekufa. Liondoe. Usilimwage kwenye mto wala kwenye mfereji wa jirani.

Bluu inabaki mkononi. Mara nyingi nguo ilichovywa mara chache kwa muda mrefu, rangi ikakaa juu ya uzi bila kuingia. Chovya kwa muda mfupi mara nyingi, kila mara ukiipa hewa mpaka kijani kiishe. Pengine uligusa mashapo ya chini ya pipa; ning'iniza nguo isifike chini. Mwisho suuza mpaka maji yawe safi.

Chokaa au maji ya jivu yakiingia jichoni, usitafute siki ya kuyazima. Suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 na uende hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Dalili: nyekundu ya akane imekuwa hudhurungi

Akane ni mmea ambao mizizi yake hutoa nyekundu, na hapa kosa huwa kinyume cha lile la murasaki: moto mdogo. Linganisha kuni. Nyekundu nzito ya akane katika Engishiki inakula kin 840, zambarau 360, karakurenai 180. Mimi nazisoma namba hizo kama kipimajoto cha watu wasiokuwa nacho. Akane huchemshwa. Ila maji ya kwanza ya mizizi yana njano nyingi, yamwage. Orodha inataja pia mchele sho 5 bila kueleza kazi yake, na wanaorudisha mbinu hii wamekuwa wakijaribu kuutumia kunyonya njano. Jaribu kwenye kipande kidogo kwanza. Jivu hapa pia ni lile lenye alumini.

Dalili: njano imekuwa kama zeituni, au kijani kimetoka na mabaka

Njano ya nyasi za kariyasu ikigeuka zeituni, ni chuma. Rudi kwenye maji na sufuria. Kijani hupatikana kwa rangi mbili, na nila hutangulia, njano hufuata. Ukigeuza utaratibu, alkali ya pipa itaisumbua njano yako. Kihada, njano ya gome, haihitaji shabu, lakini haivumilii jua, kwa hiyo usiitegemee kwa pazia.

Mabaka ya rangi yoyote: nguo iliingia ikavu, au hariri bado ina gundi yake ya asili. Ichemshe kwa sabuni laini, suuza, iloweke mpaka maji yaingie kila mahali, na usiache kuigeuza ndani ya rangi.

Dalili: rangi imepauka baada ya miezi

Benibana hupauka kwa mwanga hata ikifanywa vizuri. Iweke gizani. Akane ikipauka upesi, haikushika alumini tangu mwanzo, kwa kuwa ikishika inadumu ajabu. Kwenye hekalu la Musashi Mitake, magharibi mwa Tokyo, kuna deraya yenye nyuzi nyekundu inayosimuliwa kuwa ilitolewa na Hatakeyama Shigetada mwaka 1191. Ilikarabatiwa mwaka 1903 kwa nyuzi za rangi ya kemikali. Leo nyuzi za ukarabati zimekuwa pinki iliyochujuka, na zile za akane bado ni nyekundu.

Usijaribu kuokoa rangi inayopauka kwa mrututu, kromu au bati. Kromu na bati hazimo katika mapishi haya ya kale, na mrututu na kromu ni sumu zinazohitaji mtu mwenye vifaa na mahali salama pa kutupa mabaki.

Na kama nguo uliyonayo ni ya kale kweli, usifanye chochote kati ya yote yaliyoandikwa hapa. Usiifue wala usiitie siki ili kuona itabadilika rangi. Nyeusi za zamani zilizotengenezwa kwa tanini na chuma huula uzi polepole, na kitambaa kinachoonekana kizima huweza kusagika kikiloa. Kilaze bapa, mbali na mwanga, kati ya karatasi zisizo na tindikali, na umtafute mhifadhi wa nguo kupitia jumba la makumbusho.